Cheti cha ndege kina thamani ya mkaguzi wake

Kabla ya vita vya 2025, mtu wa Mumosho, kusini mwa Bukavu, aliyetaka kwenda Ulaya alikuwa na viwanja viwili vya kuchagua. Kavumu uko ndani ya Kongo, kaskazini mwa mji wa Bukavu, kama kilomita 30 kutoka mjini. Kamembe uko Rwanda, ng'ambo ya mto Ruzizi, na kwa mtu wa Mumosho ndio wa karibu zaidi. Milima ni ile ile na mvua ni ile ile. Hata hivyo, shirika lenye cheti cha Rwanda liliruhusiwa kutua Brussels, kama RwandAir ilivyoanza kufanya mwaka 2017. Lenye cheti cha Kongo halikuruhusiwa.

Chanzo chake ni orodha ya Umoja wa Ulaya iliyotolewa kwa mara ya kwanza Machi 2006. Mashirika yote yaliyopewa vyeti na serikali ya Kongo yamefungiwa humo. Wengi hudhani maana yake ni kwamba kila ndege ya Kongo ni mbovu. Sivyo. Kinachotiliwa shaka ni uwezo wa serikali kuzikagua ndege inazozipa vyeti. Kwa Mkataba wa Chicago wa 1944, kila nchi ina mamlaka kamili juu ya anga lake, na nchi hukubali vyeti vya wenzao kwa sharti la kuaminiana. Imani ikivunjika, shirika lenye ndege mpya na marubani hodari huadhibiwa pamoja na lile linalorusha ndege ya Antonov iliyochoka.

Mkaguzi hufanya nini hasa? Husoma kitabu cha matengenezo, huangalia leseni ya rubani na saa alizoruka, na huhakikisha uzito wa mizigo umepimwa. Kavumu, uzito ni jambo la kufa na kupona. Uwanja uko zaidi ya mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi: injini hupoteza nguvu na mabawa hubeba kidogo. Ndege ile ile inayopaa bila shida Dar es Salaam, hapa huhitaji njia ndefu zaidi au mzigo mdogo zaidi. Lakini barabara ya kwenda Shabunda ni tope, hivyo bidhaa huenda kwa ndege, na mfanyabiashara anataka gunia moja zaidi lipakiwe. Lazima awepo mtu wa kukataa, ambaye mshahara wake hautoki kwa mwenye ndege.

Kongo imelipa sana kwa kumkosa mtu huyo. Januari 1996, Antonov iliyokuwa ikipaa kutoka Ndolo, Kinshasa, iliingia katika soko la Simba Zikita na kuua mamia ya watu. Oktoba 2007 nyingine ikaangukia nyumba za Kingasani, Kinshasa pia, na waziri wa uchukuzi akafukuzwa kazi. Miezi sita baadaye, Aprili 2008, ndege ya shirika la Hewa Bora ikavamia mtaa wa Birere, Goma. Waziri alikuwa ameondoka, lakini ukaguzi haukuwa umebadilika.

Sheria ya Desemba 2010 ilikuwa hatua kubwa. Ilifungua njia ya kuundwa kwa mamlaka ya usafiri wa anga, AAC, mwaka uliofuata, huku shirika la serikali, RVA, likibaki na viwanja na uongozaji wa ndege. Mgawanyo huo ni wa busara, kwa kuwa anayeendesha uwanja hafai kujikagua mwenyewe. Hata hivyo, Novemba 2019 ndege nyingine ndogo iliangukia mtaa wa Mapendo, Goma, na jina la Kongo halijafutwa katika orodha ya Ulaya. Mkaguzi hubanwa na simu ya mkubwa, hushawishiwa kwa matabishi, na hata uhitaji wa kweli humbana: akizuia ndege, bei ya chumvi na sabuni Shabunda hupanda.

Biashara nayo hulipa. Bima na kukodi ndege hugharimu zaidi pale ukaguzi usipoaminika. Air Congo ilipoanza Desemba 2024, Ethiopian Airlines ilichukua asilimia 49 ya hisa. Pamoja na ndege, Kinshasa ilikuwa inatafuta jina linaloaminika.

Anga za juu nazo zina somo kuhusu usimamizi wa serikali. Mwaka 1976 Rais Mobutu wa Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati huo, aliikodisha kampuni ya Kijerumani, OTRAG, eneo la takriban kilomita za mraba 100,000 katika mkoa wa Shaba ili ifanyie majaribio ya roketi, na akaipa madaraka yanayokaribia ya dola. Kwa mkataba wa kimataifa wa 1972, chombo cha angani kikileta madhara ardhini, nchi ambayo kilirushwa kutoka ardhini mwake ni miongoni mwa zinazowajibika. Zaire ilikodisha usimamizi, lakini deni la ajali lisingekodishika. Mwaka 1979, baada ya shinikizo la kigeni, mradi ulifungwa.

Februari 2025 Kongo ilifunga anga lake kwa ndege za Rwanda, na siku hizo hizo Kavumu ukatekwa na waasi wa M23. Sheria ya anga huishia pale mkaguzi wa serikali anaposhindwa kufika. Amani ikirudi, Kongo haitakuwa na haja ya kuanzia sifuri. Tangu 2022 imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki, yenye wakala wake wa usalama wa anga, CASSOA, huko Entebbe, ambako nchi wanachama hulinganisha kanuni na kusaidiana kwa wakaguzi. Kipimo cha mafanikio kitakuwa rahisi: je, mkaguzi akizuia ndege ya mkubwa asubuhi, jioni bado ana kazi?