Tegu wa Nguruwe Hajui Mpaka wa Kitongoji

Katika vijiji vingi vya Mbeya na Iringa, mahindi yakishavunwa, nguruwe waliofungwa tangu msimu wa kupanda huachwa wazurure. Huvuka kutoka kitongoji hadi kitongoji wakichakura, na pasipo na choo, au penye choo kisicho na mlango, hula kinyesi cha binadamu. Ndivyo wapatavyo mayai ya tegu aitwaye kitaalamu Taenia solium.

Ndani ya nguruwe mayai hayo hugeuka vifuko vyeupe katika nyama, mithili ya chenga za mchele. Mtu akila nyama hiyo kabla haijaiva vema, kama itokeavyo kilabuni penye ulanzi mwingi na kuni chache, hupata tegu tumboni. Tegu huyo humsumbua kidogo tu. Hatari kubwa imo katika mayai yatokayo na choo chake: yakimfikia mtu mdomoni kwa mikono isiyonawiwa, maji au mboga mbichi, vifuko huweza kujengeka ubongoni na kuleta kifafa, pengine baada ya miaka. Kwa hiyo hata asiyeonja nguruwe maishani aweza kuugua kwa sababu ya tegu wa jirani. Wagonjwa wengi husita kuliamini jambo hili, nao wana haki ya kuelezwa kwa utaratibu.

Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba palipo na maambukizi haya, takriban asilimia 30 ya kifafa hutokana nayo. Kitongoji kimoja kikijenga mabanda na vyoo huku jirani zake wakiacha nguruwe huru, nyama yenye vifuko bado itakifikia. Dawa ya oksifendazoli kwa nguruwe nayo hufaa zaidi vijiji vikipatana kuitoa pamoja.

Mtu mzima aangukaye kwa mara ya kwanza apelekwe kupigwa picha ya ubongo inapowezekana. Albendazoli isianzishwe kwa kubahatisha, kwani vifuko vifapo huvimbisha ubongo. Kabla ya kumpa mtu prazikwanteli ya kichocho, aulizwe kama amewahi kuanguka. Dawa za kifafa zisikatizwe bila ushauri.

Mate ya mgonjwa hayaambukizi kifafa. Aangukaye karibu na mafiga aondolewe motoni mara moja, alazwe ubavu, wala asitiwe kitu mdomoni.