Vidonge vya Damu Visipoongeza Damu

Arusha mjini na vijiji vya chini ya Mlima Meru, mwanamke akilalamika kizunguzungu hutobolewa kidole, damu ikiwa pungufu hupewa FEFO, vidonge vya madini chuma na asidi ya foliki, na kuambiwa ale mnafu na maini. Jirani humwongezea juisi ya rozela. Ushauri si mbaya. Taabu ni yule anayemaliza vidonge akarudi na damu iko palepale. Huyo huambiwa hakumeza.

Minyoo, malaria na hedhi nzito ndivyo vya kuulizwa kwanza. Vikikosekana, tumbo lichunguzwe. Bakteria aitwaye Helicobacter pylori ameenea sana Afrika Mashariki. Wengi humpata utotoni na hawamhisi. Mwaka 1984 daktari Barry Marshall wa Australia alimnywa kwa makusudi ili athibitishe kuwa analeta maradhi ya tumbo, na mwaka 2005 yeye na Robin Warren wakapewa Tuzo ya Nobel. Sisi tunammeza bila tuzo.

Madini chuma ya mboga na nafaka yanahitaji asidi ya tumbo na vitamini C ili yanyonywe. Bakteria huyu akikaa muda mrefu anaweza kupunguza vyote viwili. Chembe nyeupe za damu humjia zikimwaga kemikali kali za oksijeni, haidrojeni peroksaidi ikiwemo. Yeye ana kimeng'enya cha katalesi cha kuivunja, hivyo kipigo kikubwa huuangukia ukuta wa tumbo. Vitamini C iliyopaswa kusaidia chuma huishia kupoza kemikali hizo. Uvimbe nao unaweza kuongeza hepsidini, homoni inayozuia chuma kuingia damuni. Bakteria huyu akileta kidonda cha tumbo kikavuja damu, ni hasara juu ya hasara. Kisha tunashushia makande kwa chai ya rangi, ambayo nayo huzuia chuma.

Hata namba ya kipimo cha damu ina mtego. Arusha ipo mita 1,400 hivi juu ya bahari, na WHO hutaka kiwango cha chini cha hemoglobini kinachohesabiwa kuwa salama kipandishwe kwa wakazi wa mwinuko. Mwanamke asiye mjamzito mwenye hemoglobini ya gramu 12.2 kwa desilita ni mzima Dar es Salaam; huku tayari ana upungufu.

Ukitaka kupima bakteria huyu, jua kuwa kipimo chake cha haraka cha damu husoma kingamwili, kwa hiyo hata aliyekwisha kupona huweza kuonekana mgonjwa. Omba kipimo cha antijeni kwenye choo. Na kama unameza omeprazole ya duka la dawa, mwambie daktari kabla ya kupima: huweza kuficha bakteria, na hupunguza asidi ileile ambayo chuma chako kinaihitaji.