Chenji ya Jero: Hesabu Ambazo Mtoto wa Kisesa Anazo Tayari

Kisesa, kwenye barabara ya Mwanza kwenda Musoma, mtoto anayemsaidia mama yake gengeni hababaiki na pesa. Mteja akichukua mafungu matatu ya nyanya, ya jero jero, akatoa noti ya elfu mbili, chenji inatoka kabla hajafunga mfuko. Mwandikie mtoto huyohuyo ubaoni 2000 − 1500. Anaandika, anafuta, anachungulia kwa mwenzake.

Gengeni hafanyi hesabu ya kutoa kabisa. Anapanda: kutoka elfu moja mia tano hadi elfu mbili, bado jero. Ubaoni anatakiwa kupanga tarakimu kwa safu, akute 0 kutoa 5 haitoshi, akope kwa 2. Jibu ni lilelile, ila hakuna aliyemwambia kwamba njia yake ya sokoni nayo ni hisabati.

Jambo hili limechunguzwa. Mwaka 1985 Terezinha Carraher, David Carraher na Analúcia Schliemann walichapisha utafiti kuhusu watoto wachuuzi wa Recife, Brazil. Kwenye biashara walipatia maswali 98 katika kila 100. Walipopewa hesabu za namba zilezile kwenye karatasi, zikiwa tarakimu tupu, hawakufikisha 40. Mwaka 2025 jarida la Nature lilitoa utafiti mkubwa zaidi kutoka masoko ya Kolkata na Delhi, India, na hali ikawa hiyohiyo. Kinyume chake pia kilionekana: wanafunzi wasiofanya biashara walimudu hesabu za daftari, wakakwama kwenye za sokoni.

Mpasuko huu huanza mapema, kwenye ule wimbo wa moja, mbili, tatu. Mwaka 1990 mwanasaikolojia Karen Wynn alieleza jaribio jepesi ambalo mzazi yeyote anaweza kulifanya. Mwagia mtoto mdogo vizibo vya soda mezani, mwambie: nipe vinne. Anayeimba hadi kumi bila kukosea anaweza kuzoa vyote vilivyomjaa mkononi na kukukabidhi. Wimbo anaujua, hajajua kwamba neno la mwisho alilotamka ndilo linalobeba jumla ya vyote alivyohesabu. Ataielewa moja, kisha mbili, kisha tatu, na hatua hizo huchukua miezi mingi, pengine zaidi ya mwaka.

Hapa Tanzania, upimaji wa kitaifa wa darasa la pili mwaka 2013 ulionyesha watoto wetu wakifanya vizuri zaidi palipohitaji kukumbuka kuliko palipohitaji kuelewa na kutumia. Mtaala wa KKK, yaani kusoma, kuandika na kuhesabu, ukaanza mwaka 2015, na ulihitajika sana. Januari 2016 ikaja elimu bila ada, watoto wakafurika madarasani. Mwalimu mwenye watoto zaidi ya 100 chumbani hawezi kumwendea kila mmoja na vihesabio vyake. Kuitikia kwa pamoja kunaokoa muda, na ndiko kunakomficha asiyeelewa.

Huyo aliyejificha huanza kuogopa. Gerardo Ramirez na wenzake walichapisha mwaka 2013 utafiti wa Marekani uliokuta hofu ya hesabu tayari kwa watoto wa darasa la kwanza na la pili. La kusikitisha zaidi, waliodhurika sana ni wale wenye uwezo mkubwa wa kushika mambo kichwani kwa muda mfupi, maana hofu hukalia nafasi ileile ambayo hesabu inaihitaji. Ndiyo maana naamini kumchapa mtoto kwa kukosa jibu kunaharibu chombo chenyewe cha kutafutia jibu.

Dawa mojawapo iko karibu. Wasukuma, ambao makumbusho yao yako Bujora hapohapo Kisesa, wana bao lao liitwalo isolo. Mchezaji huchota kete za shimo moja na kuzigawa mbele moja moja, kila kete na shimo lake. Akitaka kujua mkono utaishia wapi, lazima ajue idadi kabla ya kuchota, na hapo jicho linazoea kutambua tatu au nne kwa kutupa macho tu. Akikosea, mwenzake anakula kete na mchezo unaendelea. Hakuna fimbo, hakuna alama ya kosa kwa wino mwekundu. Mtoto anakosea mara nyingi kwa siku moja, na kesho yake anataka tena.

Mchezo huu hauhitaji bajeti. Watoto wakae wawili wawili uwanjani, mashimo ya kuchimba kwa mkono, kokoto za kuokota: darasa la watoto 100 linakuwa michezo 50. Mwalimu apite katikati yao akisikiliza mambo mawili tu: nani, akiongezewa kete mbili juu ya tano, anarudi kuhesabu kuanzia moja, na nani anaendelea moja kwa moja, sita, saba. Wa kwanza ndio wa kukaa nao kesho asubuhi na vizibo.