LINDA PUMZI YAKO
Shauri kwa mgonjwa wa miastenia atakayepasuliwa kifua

Labda umemwona mtu ambaye asubuhi ana nguvu, lakini jioni kope zinamwangukia, sauti inatoka puani, na chakula kinamkwama kooni. Majirani husema ni mvivu, au amerogwa. Sivyo. Ni ugonjwa uitwao miastenia. Askari wa mwili, ambao kazi yao ni kupigana na vijidudu, wamekosea adui: wanapiga mahali ambapo mishipa ya fahamu huipa misuli amri. Basi misuli huchoka upesi, hata ile ya kupumua.

Kwa nini kupasua kifua? Nyuma ya mfupa wa kifua iko tezi iitwayo thimasi, ambayo huwachochea askari hao. Mwaka 1936, mjini Nashville, Marekani, daktari Alfred Blalock alimwondolea mwanamke kijana uvimbe wa tezi hiyo, naye akapata nafuu. Mwaka 2016 uchunguzi wa wagonjwa 126 ulionyesha kwamba waliopasuliwa na kupewa dawa walikuwa na nguvu kuliko waliopewa dawa tu. Lakini faida huja polepole, kwa miezi au miaka. Wala si kila mgonjwa anayefaa kupasuliwa. Daktari ndiye atakayeamua.

KABLA YA KUPASULIWA

1. Usikubali kupasuliwa penye upungufu wa mashine ya kusaidia kupumua. Hata ikiwa ni safari ya mbali kutoka Bunia, ni afadhali kusafiri.
2. Mwambie mtoa dawa ya usingizi jina la ugonjwa wako na vidonge vyako vyote. Usiache kidonge hata kimoja kwa shauri lako mwenyewe.
3. Ukiwa na kikohozi au homa, sema. Yafaa upone kwanza.
4. Acha tumbako. Kila siku jizoeze kuvuta pumzi ndefu, kuishika kidogo, na kuitoa polepole.

BAADA YA KUPASULIWA

Usishangae ukiamka na mpira wa kupumulia kooni. Utaondolewa misuli ikipata nguvu. Kohoa ukikumbatia mto kifuani, ili makohozi yasikae mapafuni. Kula ukiwa umeketi wima, wakati kidonge kimeanza kufanya kazi, na uanze na uji na vyakula laini. Mfupa ukiwa umekatwa, huhitaji majuma mengi kuungana: usibebe bidoni la maji wala mtoto, usilime, usipande pikipiki, mpaka daktari akuruhusu.

ANGALIA SANA KININI

Hapa Ituri jambo hili ni kubwa, maana malaria ni jirani yetu. Kinini na klorokini huzidisha udhaifu wa mgonjwa wa miastenia. Vivyo hivyo jentamisini, siprofloksasini na sindano ya manyezi. Kwa malaria kali iko artesunati ya sindano. Kwa hiyo usinunue dawa barabarani. Andika kwenye karatasi: «Nina miastenia. Msinipe kinini», uiweke pamoja na kitambulisho chako, na jamaa zako waijue.

DALILI ZA HATARI

Vuta pumzi, kisha uhesabu kwa sauti bila kupumua tena. Ukiishiwa kabla ya 20, au ukishindwa kumeza mate, kuinua kichwa, au kulala chali kwa kukosa pumzi, nenda hospitali saa ile ile, hata usiku wa manane. Wanaokuombea waombe njiani.

Nanyi wakristo wa kanisa lake, kumbukeni wale wanne wa Kapernaumu waliombeba mwenzao aliyepooza, wakatoboa dari ili afike kwa Yesu. Hawakumwuliza ni nani aliyemroga. Walibeba. Mchoteeni maji, mlimieni shamba, mlipieni safari. Mungu ndiye aliyempa Adamu pumzi. Tusimwachie ndugu yetu ailinde peke yake.