Je, Wajua? Kumi kwa Kumi, Mikeka Sita

Je, wajua kwamba Nairobi ni mtoto wa hema? Reli ya kutoka Mombasa ilipofika hapa Mei 1899, mji haukuwapo. Kulikuwa na kinamasi, mto ambao Wamaasai waliuita wa maji baridi, na kambi ya turubai ya wajenzi wa reli.

Je, wajua kwamba Theodore Roosevelt, rais wa zamani wa Marekani, alipokuja kuwinda mwaka 1909, msafara wake ulikuwa na wapagazi zaidi ya 200? Walimbebea mahema, chumvi ya kuhifadhia ngozi, hata maktaba ndogo ya vitabu vilivyojalidiwa kwa ngozi ya nguruwe. Starehe ya porini ilianza vichwani mwa watu. Kenya ilipopiga marufuku uwindaji mwaka 1977, mahema yalibaki na bunduki zikaipisha kamera.

Je, wajua kwamba Wajapani nao wameipenda kambi ya kifahari? Hoteli ya Hoshinoya Fuji, inayotazama Mlima Fuji, ilifunguliwa mwaka 2015 kwa wageni wanaotaka moto wa kuni na kitanda kizuri kwa pamoja. Mtindo wa Kijapani nao umeenea duniani: chumba kidogo, mbao, mkeka sakafuni, viatu mlangoni, hakuna kinachotupwa ovyo.

Sasa tuje mtaani. Je, wajua kwamba chumba cha mabati cha kumi kwa kumi, Kibera au Kawangware, kinalingana karibu kabisa na chumba cha Kijapani cha mikeka sita? Wajapani hawapimi chumba kwa futi. Wanahesabu idadi ya tatami, mikeka minene ya nyasi inayoweza kuenea sakafuni. Tatami ya vipimo vya Tokyo ina sentimita 88 kwa 176 hivi. Panga sita, utapata mita 9.3 za mraba. Chukua chumba chetu cha futi kumi kwa kumi, piga hesabu: mita 9.3 za mraba. Na maarifa ya kukitumia yanafanana. Kule godoro hukunjwa asubuhi likaingia kabatini. Huku la watoto husukumwa chini ya kitanda. Kule karatasi kwenye fremu ya mbao hutenga sehemu ya kulala. Huku ni pazia, na mgeni mwenye adabu hachungulii nyuma yake. Viatu huvuliwa mlangoni kote kuwili.

Sisemi kwamba dhiki ni starehe. Mgeni wa kambi ya kifahari analala na mwenzake, akafungua bomba maji yakatoka. Hapa familia nzima imo katika mita zile zile, maji yananunuliwa kwa mtungi, na usiku safari ya chooni ni hatari kwa mwanamke. Ninachosema ni kwamba ujuzi wa kuishi vizuri padogo upo hapa, na haujaheshimiwa.

Je, wajua kwamba mijini kwenye Japani ya zamani kinyesi kilikuwa mali? Wakulima waliingia Edo, ndiyo Tokyo ya leo, wakakinunua kwa fedha au mboga, na mwenye nyumba za kupangisha alijipatia kipato kutokana na vyoo vya wapangaji wake. Katwekera, ndani ya Kibera, kuna jengo lililojengwa na wenyeji pamoja na shirika la Umande Trust: vyoo na bafu juu, mtambo wa biogesi chini. Gesi inayotoka hapo hupika.

Je, wajua kwamba baada ya ghasia za uchaguzi za 2007 na 2008, familia nyingi za Kibera zilifundishwa kulima sukuma wiki ndani ya magunia? Gunia moja la udongo, mawe katikati ya kupitishia maji, miche juu na ubavuni. Shamba lisilohitaji shamba.

Hata leso ya kufungia mzigo ina nduguye Japani: kitambaa kiitwacho furoshiki.

Je, wajua kwamba Wangari Maathai, mwanamazingira wa Kenya, alipozuru Japani mwaka 2005 alilipenda neno moja, mottainai, akalibeba hadi Umoja wa Mataifa? Ni majuto ya kuona kitu kikitupwa kabla ya kumaliza kazi yake. Mafundi wa Kibera wanaochonga mifupa ya ng'ombe kutoka machinjioni ikawa bangili na hereni wangelielewa bila mkalimani.

Je, wajua kwamba jina Kibera lina maana ya msitu? Neno ni la Wanubi, "kibra", nao walikaa hapa tangu mwanzoni mwa karne iliyopita wakiwa askari wa Waingereza. Walisubiri hadi 2017 kupewa hati ya ekari 288. Jirani yao ni Msitu wa Ngong Road, uliotangazwa rasmi mwaka 1932 na tangu hapo ukamegwa zaidi ya nusu. Japani ilianza kuhimiza raia wake "kuoga msitu", yaani kutembea polepole chini ya miti kwa ajili ya afya, mwaka 1982. Mtoto wa Kibera ana msitu wake karibu; kinachosalia ni tusiukate tena.

Na wewe unayepanga kambi ya Kijapani kule Ngong, Limuru au Kajiado, kabla hujaagiza samani ng'ambo, pita kando ya Ngong Road, barabara ambayo sehemu yake ilipanuliwa kwa ruzuku ya Japani. Wapo mafundi wa mbao pale, na jioni wengi hupanda matatu kurudi Kawangware na Kibera. Waagize kitanda cha chumba cha kumi kwa kumi. Kisha walipe bei ile ile ambayo ungemlipa fundi wa ng'ambo.