Samaki Wapya Nyumbani: Wapi Utoe Hela, Wapi Ubane

Mtu ananunua samaki watano wa mapambo Jumamosi; Jumamosi inayofuata amebaki na wawili. Anarudi dukani kujazia, na hao wapya nao wanakwenda vilevile. Lawama anabebeshwa muuzaji, au husemwa samaki hawa ni dhaifu. Mara nyingi kilichowaua ni tangi lililojazwa maji jana na kutiwa samaki leo. Kulipia samaki wale wale mara mbili ndiyo gharama inayouma kuliko zote katika ufugaji huu, nayo inaepukika ukijua kipi kinastahili hela yako na kipi kisubiri.

Bakuli au tangi?

Bakuli la kioo la lita 5 linavutia kwa bei, lakini rahisi inavunja upishi. Tangi la sentimita 60 kwa 30 kwa 30 linabeba lita 54, kwa hiyo uchafu wa samaki yule yule unasambaa katika maji yaliyo zaidi ya mara kumi, na joto lake hupanda na kushuka polepole. Samaki wa dhahabu anaweza kupita sentimita 20 na kuishi zaidi ya miaka 10. Bakuli halimfai kabisa, na hata lita 54 zitamtosha akiwa mdogo tu. Yule mweusi anayenyonya kioo, anayeuzwa kama msafishaji, mara nyingi ni wa aina inayopita sentimita 30. Anayeanza na lita 54 achukue gapi au moli.

Linganisha pia bei ya dukani na ya fundi wa vioo na aluminiamu wa mtaani kwako. Kwa fundi simamia mambo mawili: silikoni isiwe ile yenye dawa ya kuzuia ukungu, maana dawa hiyo ni sumu kwa samaki, na tangi lijazwe maji likae siku nzima pale pale karakana kabla hujalibeba. Meza nayo iwe imara. Lita 54 ni kilo 54, bado hujahesabu kioo na mchanga.

Vifaa vya umeme

Hapa hesabu iko wazi. Chukua uniti 28 hivi kwa Sh10,000, kiwango anachokizoea mteja wa kawaida wa LUKU. Pampu ya hewa ya wati 3 ikiwaka usiku na mchana kwa siku 30 inakula uniti 2.16, yaani takriban Sh770. Filta ya ndani ya wati 5 inakula uniti 3.6, karibu Sh1,300. Hita ya wati 50 inayowaka nusu ya muda inakula uniti 18, karibu Sh6,400.

Kwa Dar es Salaam, Tanga au Zanzibar, hita kwa kawaida ni kutupa hela bure. Joto la chumba linawatosha gapi na moli. Kwa Njombe, Mbeya, Arusha au Nairobi, usiku wa Juni na Julai unaidai. Mkazi wa nyanda za baridi asiyetaka gharama hiyo afuge samaki wa dhahabu, anayevumilia baridi, ila amnunulie tangi kubwa zaidi.

Kwa filta, chaguo langu ni sponji inayoendeshwa na pampu ya hewa. Mapovu yakipanda huvuta maji kupitia kwenye sponji, hivyo kifaa kimoja kinachuja na kutia hewa. Haina mengi ya kuharibika, na inaoshwa kwa kukamuliwa ndani ya ndoo ya maji yaliyotoka kwenye tangi lenyewe. Ukiiosha kwa maji ya bomba, klorini itaua bakteria wa kusafisha maji unaowahitaji.

Maji uliyonayo

Sehemu kubwa ya maji ya bomba ya Dar es Salaam yanatoka mto Ruvu, na hutiwa klorini. Njia isiyo na gharama ni kuyaacha kwenye ndoo wazi kwa saa 24 hadi 48, au muda mfupi zaidi ukiweka pampu ya hewa. Dawa ya kuondoa klorini, iliyotengenezwa kwa sodiamu thayosalfeti, inafanya kazi hiyo papo hapo. Kwa matumizi ya kila wiki ndoo inatosha. Kichupa kidogo cha dawa kiwepo kwa siku ya dharura, utakapolazimika kubadilisha maji usiku huo huo.

Maji ya visima vya pwani aghalabu ni magumu, mengine yana chumvi. Moli na gapi wanayamudu. Neoni tetra, wa mito ya Amazon yenye maji laini, watateseka. Badala ya kununua dawa za kubadili maji kila wiki, nunua samaki wanaopenda maji yako. Uamuzi huo mmoja unaokoa hela kuliko punguzo lolote la bei.

Kukomaza tangi

Samaki hutoa amonia. Bakteria wanaoota kwenye sponji huigeuza kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, kisha nitrati, ambayo si kali. Kazi hiyo huchukua wiki 4 hadi 6 kukomaa.

Kungoja huku ukitupia punje chache za chakula hakugharimu kitu ila subira. Chupa ya bakteria inauzwa ghali, na kama imekaa rafuni kwenye joto kali, waliomo huenda wamekufa. Kipande cha sponji kutoka kwenye tangi la rafiki lisilo na ugonjwa ndicho bora kuliko vyote. Kwa njia yoyote utakayofuata, nunua vipimo vya maji. Amonia na nitriti zisome sifuri ndipo uende dukani.

Siku ya kuwaleta

Omba mfuko ufungwe ukiwa na theluthi moja ya maji na theluthi mbili za hewa, uufunike kwa khanga au uutie kwenye boksi. Giza huwatuliza, na jua la barabarani hupasha upesi maji yale machache. Ukifika, zima taa ya tangi.

Kwa samaki wa duka la jirani lenye maji kama yako, elesha mfuko tangini dakika 15 hadi 20 ili joto lilingane. Kisha ongeza kikombe kidogo cha maji ya tangi kila dakika tano, kwa nusu saa.

Maji yakitofautiana sana, mathalani duka linatumia bomba na wewe kisima, gharama ni mpira mwembamba wa pampu tu. Mimina samaki na maji yao kwenye ndoo safi iliyo chini ya tangi, vuta maji kwa mpira, upige fundo na kulikaza mpaka yadondoke matone mawili hadi manne kwa sekunde. Wape dakika 45 hadi saa moja, maji ya ndoo yawe yamezidi maradufu.

Waliosafiri usiku kucha kwa basi wasifanyiwe hivyo. Ndani ya mfuko, kabonidayoksaidi ya pumzi zao imeshusha pH na kuifanya amonia isiwe kali. Ukifungua, gesi inatoka, pH inapanda, na amonia ile ile inakuwa sumu. Linganisha joto mfuko ukiwa umefungwa, fungua, watoe kwa wavu na uwaingize mara moja. Muulize muuzaji mapema maji yake yakoje, ili tangi lako liwe tayari.

Kwa vyovyote vile, maji ya mfukoni yasiingie tangini. Siku ya kwanza usiwalishe. Ukiwaona wanahema upesi au wanapapia hewa juu, badilisha robo ya maji.

Beseni la karantini

Kama tayari una samaki, wageni wakae wiki 2 hadi 4 kwenye beseni la lita 20 lenye sponji yake. Ugonjwa wa madoa meupe, yanayofanana na punje za chumvi kwenye mapezi, huingia na samaki mmoja na kukulazimisha kutibu tangi zima. Beseni unalinunua mara moja tu.

Mpangilio wa manunuzi

Bajeti ikiwa finyu, anza na tangi kubwa kadiri unavyoweza, kisha sponji na pampu, vipimo vya maji, halafu beseni. Taa za rangi na mapambo ya plastiki yasubiri. Samaki wawe wa mwisho, watatu au wanne tu, na wengine wafuate baada ya wiki mbili vipimo vikibaki sifuri. Ukimpata muuzaji anayekuuliza tangi lako lina wiki ngapi kabla ya kupokea hela yako, mshike huyo, hata kama bei yake iko juu kidogo.