Pointi za Mwisho Husema Nini Kuhusu Kozi?

Nchini Kenya, mtahiniwa wa KCSE, mtihani wa mwisho wa sekondari, aliyepata wastani wa C+ au zaidi anaruhusiwa kuomba nafasi ya kusomea shahada. Maombi hupitia KUCCPS, shirika lililoundwa chini ya Sheria ya Vyuo Vikuu ya 2012 kuchukua kazi iliyokuwa ikifanywa na bodi ya awali ya udahili, JAB. Katika tovuti yake kozi zimeorodheshwa kwa mamia, na kando ya kila kozi pana tarakimu zenye desimali: pointi za mwisho za miaka iliyotangulia. Wengi huzisoma tarakimu hizo kana kwamba ndizo cheo cha kozi. Tutazame kwanza zinavyopatikana.

Mwombaji huvuka vizingiti vitatu. Cha kwanza ni wastani huo wa C+, ambao ni sawa na jumla ya pointi 46 kati ya 84. Tangu KCSE ya 2023, jumla hiyo hutokana na Hisabati, lugha moja aliyoifanya mtahiniwa vizuri zaidi, na masomo mengine matano aliyofaulu zaidi. Gredi A ina pointi 12, A- ina 11, na kuendelea kushuka hivyo hadi E yenye pointi 1.

Kizingiti cha pili ni masomo ya lazima ya kozi yenyewe. Anayetaka sheria sharti awe na B katika Kiingereza au Kiswahili. Anayetaka uhandisi huhitaji angalau C+ katika Hisabati, Fizikia na Kemia. Wastani mzuri haufidii pengo la hapa: mwenye A- kwa jumla lakini B- katika lugha zote mbili hana njia ya kuingia sheria, ilhali jirani yake mwenye C+ na B ya Kiswahili anaruhusiwa kuomba. Wako wanaoligundua hili baada ya kulipia maombi.

Kizingiti cha tatu ni ushindani, na hapa ndipo neno klasta linapoingia. Klasta ni kundi la masomo manne yanayohusiana zaidi na kozi. Pointi za masomo hayo manne zikijumlishwa, kiwango cha juu kabisa ni 48. Kisha jumla hiyo huoanishwa na jumla ya masomo saba. Fomula iliyozoeleka shuleni ni hii: gawanya pointi za masomo manne kwa 48, gawanya jumla ya masomo saba kwa 84, zidisha majibu hayo mawili, tafuta kipeuo cha pili, kisha zidisha kwa 48. Pointi rasmi za kila mwombaji hutolewa na KUCCPS yenyewe, lakini fomula hii inatosha kuonyesha mantiki.

Tuchukue mtahiniwa wa kubuni. Ana pointi 11 katika Hisabati, 11 Kiswahili, 10 Fizikia, 10 Jiografia, 10 Biashara, 9 Kemia na 9 Kiingereza. Jumla ni 70, yaani B+. Kwa uhandisi yanahesabiwa Hisabati, Fizikia, Kemia na Jiografia: 40 kati ya 48. Kwa kozi za biashara, Hisabati, Kiswahili, Biashara na Jiografia humpa 42. Ukipitisha tarakimu hizo kwenye fomula, uhandisi unampa pointi 40 kamili, na biashara karibu 41. Mtu ni yuleyule na mtihani ni uleule, ila nguvu zake za ushindani zinabadilika kulingana na mlango anaobisha. Tofauti ya pointi mbili katika masomo manne imepungua ikawa moja, kwa sababu jumla ya masomo saba nayo ina sauti. Ndiyo maana somo lisilo ndani ya klasta bado linaweza kumpandisha au kumshusha mwombaji.

Sasa pointi za mwisho. Chukulia kozi ina nafasi 100 na waombaji waliotimiza masharti ni 400. Wakipangwa kuanzia mwenye pointi nyingi zaidi, pointi za yule wa mia ndizo huandikwa kuwa pointi za mwisho. Hakuna aliyekaa ofisini akaamua kwamba kozi hii inastahili 41.3 na ile 36.8. Chuo kikiongeza nafasi zikawa 200, tarakimu hushuka mwaka huohuo, ingawa wahadhiri, maabara na mtaala havijaguswa. Mwaka ambao kozi imevuma, hupanda. Waombaji wakiwa wachache kuliko nafasi, hakuna mchujo wowote, na pointi za mwisho zinaweza kuwa ndogo sana hata kama kozi ni ngumu kusoma. Pana kinyume kingine pia: pointi za chini za mwaka uliopita huwavutia waombaji wengi, na wingi wao huzipandisha.

Tarakimu hizo, basi, hupima mambo mawili tu: watu wangapi wenye alama za juu waliitamani kozi mwaka ule, na nafasi zilikuwa ngapi. Hazipimi ubora wa mafunzo wala ajira inayofuata. Kinachohusu ajira kiko mahali pengine kabisa. Bodi ya Wahandisi ya Kenya, EBK, husajili wahitimu wa programu ilizozitambua. Neno "uhandisi" katika jina la shahada halitoshi. Shahada za teknolojia ya uhandisi zina bodi yake tofauti ya usajili. Kwa ualimu wa sekondari, tume inayosajili walimu, TSC, huangalia C+ ya wastani pamoja na C+ katika masomo mawili ya kufundishia, zote za KCSE. Mtu aweza kumaliza miaka minne ya shahada ya elimu kisha akazuiwa na gredi ya Historia aliyoipata akiwa kidato cha nne. Masharti haya mwombaji huweza kuyakagua kwa saa moja, na bado ndiyo husomwa mwisho, kama husomwa kabisa.

Baada ya hesabu hizi ndipo inawezekana kuipima kauli inayosikika sana majumbani: mtoto ana pointi za udaktari, mbona azipoteze kwa kusomea Jiografia? Pointi si pesa, hata anayechukua kozi yenye pointi za mwisho za chini adai chenji. Kazi ya pointi ni moja, kumvusha mwombaji mchujo. Akishavuka, hazimsaidii tena. Kwa maoni yangu, uwanja wa masomo uchaguliwe kabla ya kufungua orodha ya pointi: masomo anayoyamudu mwanafunzi, mtaala ulivyo mwaka kwa mwaka, na bodi ya taaluma inayohusika. Orodha ifunguliwe baadaye, kwa kazi inayoiweza, ambayo ni kuamua chuo gani kitangulie katika machaguo. Mtahiniwa wetu mwenye 40 ya uhandisi anaweza kuweka mbele chuo kilichoishia 41, kisha kilichoishia 39, kisha 36. Kuomba palipo juu kidogo si kosa. Kosa ni machaguo yote kuwa juu.

Na asitegemee kuomba kozi rahisi kuipata ili ahamie anayoitaka. Uhamisho upo, lakini anayehamia hutakiwa kutimiza masharti na pointi za mwisho za kozi anayoiendea kwa mwaka wake. Aliyekosa nafasi katika duru ya kwanza ana njia iliyo wazi zaidi: duru ya kurekebisha machaguo, ambapo kozi zenye nafasi zilizobaki huonyeshwa, naye hujaza upya akijua ziko wapi.